Deep Purple: kikosi kipi kilikuwa bora, na ni albamu zipi tano za kuanza nazo?

NyuziSita:

Wakuu, salaam. Naomba leo tuijadili Deep Purple kwa hoja. Kila bendi hii ikitajwa anatokea mtu na sentensi yake moja, "Mark II tu, wengine wasindikizaji", na mjadala unaishia hapo. Naona hukumu hiyo inawaonea watu wengi.

Kwa asiyeijua hesabu yetu: bendi iliundwa Uingereza mwaka 1968, na kila kikosi tunakiita Mark na namba yake. Mtu akitoka akaingia mwingine, namba inapanda. Mark I walikuwa Ritchie Blackmore kwenye gitaa, Jon Lord kwenye kinanda, Ian Paice kwenye dramu, Rod Evans akiimba na Nick Simper kwenye besi. Mwaka 1969 wakaingia Ian Gillan akiimba na Roger Glover kwenye besi, ikawa Mark II. Mwaka 1973 hao wawili wakatoka, wakaja David Coverdale na Glenn Hughes: Mark III. Blackmore akaondoka 1975, Tommy Bolin akashika gitaa: Mark IV, na Machi 1976 bendi ikavunjika. Mwaka 1984 Mark II ikarudi kama ilivyokuwa. Baadaye wakapita mwimbaji Joe Lynn Turner (V), mpiga gitaa Joe Satriani kwa muda mfupi bila albamu ya studio (VI), Steve Morse kwenye gitaa (VII), Don Airey akipokea kinanda cha Lord (VIII), na sasa Simon McBride kwenye gitaa (IX). Katika vikosi vyote tisa, Paice ndiye pekee ambaye hakukosekana hata kimoja.

Tano zangu: In Rock (1970), Made in Japan (1972), Burn (1974), Perfect Strangers (1984), Purpendicular (1996).

Machine Head nimeiacha kwa makusudi. Ina nyimbo saba, na nne kati ya hizo, yaani Highway Star, Smoke on the Water, Lazy na Space Truckin', zimo kwenye Made in Japan, iliyorekodiwa jukwaani, zikiwa na nguvu zaidi. Mwenye nafasi ya albamu tano ana sababu gani ya kubeba nyimbo zilezile mara mbili?

Nawauliza pia: Come Taste the Band, albamu ya Mark IV, inastahili jina la Deep Purple? Na baada ya Jon Lord kuondoka 2002, kuna albamu ya lazima?

---

MzeeWaKinanda:

NyuziSita, nne zako nakubaliana nazo ila ya Machine Head nakukatalia kabisa.

Kwanza, zile tatu zilizobaki si za kujazia nafasi. Pictures of Home inafunguliwa na Paice peke yake kwenye dramu, halafu ndani yake kuna solo ya besi ya Glover, kitu adimu sana kwenye bendi hii ambayo solo zake ziligawanywa kati ya gitaa na kinanda. Maybe I'm a Leo inafundisha jinsi ya kuchelewesha pigo bila kupoteza mwendo. Never Before ndiyo dhaifu, na ajabu ndiyo waliyoitoa kama singo.

Pili, sauti ya albamu ile haikupatikana studio, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Walikwenda Montreux, Uswisi, Desemba 1971, wakiwa wamekodi lori la kurekodia la Rolling Stones. Mpango ulikuwa kurekodia ndani ya kasino. Tarehe 4 Desemba, mwanamuziki Frank Zappa akiwa jukwaani, mtu kwenye hadhira akafyatua fataki, kasino ikateketea. Wakahamia ukumbi uitwao Pavillon, wakarekodi muziki wa Smoke on the Water hapo, lakini majirani wakalalamikia kelele na polisi wakaja kuwasimamisha. Mwisho wakaingia Grand Hotel, iliyokuwa tupu kwa sababu ya majira ya baridi. Wakajipanga kwenye korido, wakaziba sauti kwa magodoro, nyaya zikapita hadi kwenye lori nje. Kwenda kusikiliza walichorekodi kulihitaji kupita vyumbani na kwenye roshani hadi kulifikia lori, kwa hiyo wakaacha kwenda. Walipiga, wakiridhika wanaendelea. Ndiyo maana albamu inasikika kama watu watano wanaotazamana, na fundi wao Martin Birch hakuwa na nafasi ya kuwapamba.

Tatu, kinanda. Watu wengi wakisema Deep Purple wanafikiria gitaa, lakini mtu aliyeipa bendi rangi yake ni Lord. Hammond, aina ya kinanda cha umeme alichopiga, kwa kawaida hupitishwa kwenye spika ya Leslie, ile yenye pembe inayozunguka ndani, na sauti inatoka laini, inayumba. Lord aliichomeka Hammond C3 yake kwenye amplifaya ya Marshall, ileile inayotumiwa na wapiga gitaa. Ikaanza kunguruma na kukwaruza. Faida yake ni kwamba kinanda kinaweza kushika kazi ya gitaa la ridhimu, na Blackmore akawa huru. Hasara yake ni kwamba vyombo viwili sasa vinagombania eneo moja la sauti, kwa hiyo mchanganyaji asipokuwa makini vinafunikana. Vaa hedifoni usikilize Made in Japan: wamekitenga kinanda upande mmoja na gitaa upande wa pili, na unaweza kuwafuata wakijibizana neno kwa neno.

Sikiliza tena mwanzo wa Smoke on the Water wa studio. Gitaa peke yake, halafu matoazi ya mguu na kinanda, kisha dramu kamili, kisha besi. Kila chombo kinaingia kwa zamu yake. Jukwaani mpangilio huo huwezi kuupata kwa usafi ule.

Na kwa wanaopiga gitaa, naomba tusahihishe kosa hili ambalo limezagaa kila mahali. Mstari ule wa Smoke on the Water haupigwi kwa kodi (chords) nzito za nyuzi za chini na kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi. Ni nyuzi mbili tu, ya nne na ya tatu (D na G), zikilia pamoja: wazi, freti ya 3, freti ya 5, wazi, 3, 6, 5, wazi, 3, 5, 3, wazi. Blackmore anazichomoa kwa vidole, uzi wa nne na wa tatu kwa wakati mmoja. Ukitumia plastiki, uzi mmoja unatangulia mwingine na mstari unakuwa mzito. Ukibadilisha umbali wa noti nne kati ya nyuzi hizo kuwa tano, kama wengi wafanyavyo, ule uchungu wake unapotea na inabaki kelele.

Tano zangu: Machine Head, In Rock, Made in Japan, Burn, Perfect Strangers.

---

BesiTu:

Mzee umeeleza vizuri, lakini umeigusa Burn kwa jina tu. Ngoja nimalizie upande huo.

Mark II haikuvunjwa na bahati mbaya. Walichoka. Mwaka 1972 walikuwa njiani karibu muda wote, na albamu ya Who Do We Think We Are ikarekodiwa kwa vipande, kwanza karibu na Roma mwezi Julai, kisha Ujerumani mwezi Oktoba. Gillan na Blackmore walikuwa hawaelewani tena, na fahali wawili hawakai zizi moja. Gillan akaandika barua ya kujiuzulu, akamalizia ratiba, akaondoka Juni 1973 baada ya ziara ya Japani. Glover akaondoka naye kwa sababu Blackmore alitaka besi ya namna nyingine. Woman from Tokyo ni wimbo mzuri, lakini sikiliza albamu nzima utasikia watu wanaomaliza mkataba.

Sasa walichofanya hapo ni kitu ambacho bendi chache zingethubutu. Hughes, aliyetoka bendi ya Trapeze, alikuwa mpiga besi na mwimbaji kamili. Coverdale alikuwa hajulikani, anauza nguo dukani mjini Redcar. Wakawaweka waimbaji wawili mbele. Kwenye wimbo wa Burn wenyewe, Coverdale anaimba beti kwa sauti yake nene, Hughes anapokea kipande cha kati kwa sauti ya juu, halafu wanaungana. Gillan peke yake asingeweza kukifanya hicho, si kwa udhaifu, bali kwa sababu ni kazi ya koo mbili.

Besi nayo ilibadilika. Glover anatembea sambamba na gitaa, anaunenepesha mstari, na hilo ndilo linaloifanya In Rock iwe nzito. Hughes anatembea na dramu, anaruka, anaacha mapengo, kwa mtindo wa soul. Ndiyo maana Paice kwenye You Fool No One anapiga kwa uhuru ambao kwenye Mark II hakuwa nao. Yeyote anayepiga dramu aisikilize ile kengele yake ya ng'ombe mwanzoni. Halafu Mistreated, ambao ni wa Coverdale peke yake, na Blackmore hajawahi kupiga polepole kwa uchungu kama pale.

Tatizo lilikuja na Stormbringer, Novemba mwaka huohuo 1974. Soul na funk ya Hughes ilizidi, Blackmore hakuipenda, na unaisikia kwenye gitaa lake: nyimbo kadhaa anapita tu. Soldier of Fortune ndiyo inayoiokoa. Aprili 1975 akapiga onyesho lake la mwisho Paris, akaenda kuanzisha bendi ya Rainbow na mwimbaji Ronnie James Dio.

Swali lako la Come Taste the Band: inastahili, tena sana. Lakini usiisikilize ukimtafuta Blackmore. Bolin alikuwa amepiga kwenye Spectrum, albamu ya mpiga dramu Billy Cobham, mwaka 1973, mkono wake ulikuwa wa jazi na funk, na alitumia mashine ya mwangwi kama sehemu ya ala yake. Gettin' Tighter na You Keep on Moving ni nyimbo za daraja la kwanza. Kwenye Comin' Home besi kaipiga Bolin mwenyewe, Hughes hakuwepo studio.

Kilichoiua Mark IV ni jukwaa. Dawa za kulevya ziliwashika Bolin na Hughes, na kwenye onyesho la Tokyo Desemba 1975 mkono wa kushoto wa Bolin haukuwa ukifanya kazi sawasawa, kiasi kwamba Lord alilazimika kuziba mapengo ya gitaa kwa kinanda. Onyesho hilo ndilo lililotolewa kama Last Concert in Japan, na watu wamemhukumu Bolin kwa rekodi hiyo tangu siku hiyo. Kama unataka kumsikia akiwa mzima, tafuta onyesho la Long Beach la mwaka 1976. Alifariki Desemba 1976 akiwa na miaka 25.

---

DadaRoki:

Mark I mnaipita kama haipo. Hush, ulioandikwa na Joe South, ulifika nafasi ya 4 Marekani mwaka 1968, na bado wanaupiga jukwaani hadi leo. Albamu tatu walizotoa ndani ya miaka miwili si sawa, mbili za kwanza zimejaa nyimbo za watu wengine. Lakini ya tatu, yenye jina la bendi, ina April, wimbo wa dakika 12 ambao katikati yake Lord ameandikia vyombo vya okestra. Bila April hakuna tamasha la Royal Albert Hall la Septemba 1969 na okestra ya Royal Philharmonic. Anzeni na huo tu, mengine yatafuata.

Na jambo la haki: Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki la Marekani, walipoiingiza bendi 2016, Evans alikuwemo kwenye orodha, Simper akaachwa. Wote wawili walipiga kwenye albamu zilezile tatu. Bolin, Morse na Airey nao wakaachwa.

---

KivukoMagogoni:

Hapo kwa Morse ndipo ninapotaka kuingia, maana yule mtu amepiga Deep Purple tangu 1994 hadi 2022. Blackmore ukijumlisha vipindi vyake vyote viwili havifiki miaka 17. Huwezi kumwita mgeni.

Blackmore aliondoka katikati ya ziara, onyesho la mwisho Helsinki, Novemba 1993. Satriani akawaokoa kwa Japani na Ulaya, lakini alikuwa na kazi yake mwenyewe. Morse alipokuja, walifanya la busara: hawakumwambia amuige mtangulizi wake. Blackmore anauacha uzi ulie, anachelewa, anatisha kwa ukimya. Morse anapiga kila noti kwa mkono wa kulia, juu na chini bila kukosa, mistari mirefu iliyonyooka. Ukiwalinganisha kwenye Highway Star utasema Morse ni baridi. Ukimsikiliza kwenye Sometimes I Feel Like Screaming utaelewa kwa nini walimchukua. NyuziSita kuiweka Purpendicular kwenye tano zako ni sahihi. Abandon iliyofuata 1998 ni nzito lakini nyimbo hazishiki, na kurudia Bloodsucker ya 1970 hakukuwa na haja.

Baada ya Lord, jibu langu ni Now What?! ya 2013. Sababu ni mtayarishaji, Bob Ezrin. Bananas na Rapture of the Deep zina mawazo mazuri yaliyorekodiwa bila nafasi: kila kitu mbele, hakuna kina. Ezrin aliirudisha bendi kwenye kupiga kwa pamoja, akaacha vipande virefu vya ala vipumue, na kinanda cha Airey kikapata mahali pake. Airey si mwanafunzi wa Lord, alishapiga na Rainbow na Ozzy Osbourne, lakini anaijua Hammond iliyochomekwa kwenye amplifaya inavyotakiwa kung'ata. Above and Beyond na Uncommon Man ni heshima kwa Lord, aliyefariki Julai 2012. Uncommon Man ndio wimbo bora walioutoa karne hii.

=1 ya 2024, ya kwanza na McBride, ina nyimbo fupi na ngumu kuliko zote za Ezrin. Portable Door imekaa kama wimbo wa 1984. McBride ni wa Belfast na alikuwa akipiga na Airey kabla, kwa hiyo kinanda na gitaa wanaelewana tangu siku ya kwanza. Sauti ya Gillan haipandi tena, Child in Time waliutoa kwenye maonyesho tangu 2002, lakini nyimbo mpya zimeandikwa kwa sauti aliyonayo sasa.

Slaves and Masters ya Turner, 1990: ni albamu ya Rainbow yenye jina la Deep Purple. Kama unapenda Rainbow ya miaka ya 80 utaipenda.

---

NyuziSita:

Nimefuatilia yote, asanteni. Mzee, hoja ya jinsi vyombo vinavyoingia kwenye Smoke naikubali, lakini Highway Star ya Osaka bado siibadilishi na ya studio.

Swali la mwisho: matoleo. Ukitafuta hizi albamu mtandaoni unakuta kila moja ina sura nne. Mtu achukue lipi, na aangalie nini?

---

FundiSanturi:

Kanuni yangu ni kuanza na miksi (uchanganyaji wa sauti) ya awali ya kila albamu, hizo mpya zifuate baadaye. Vya kukagua kabla hujapakua au kununua:

In Rock: angalia urefu wa Speed King. Ikiwa ni dakika 4 na ushee, hilo ni toleo la Marekani lililokatwa kelele za mwanzo na kinanda kinachofuata. Kamili inakaribia dakika 6.

Fireball: toleo la Uingereza lina Demon's Eye, la Marekani waliutoa wakaweka Strange Kind of Woman, ambao ulikuwa singo. Chukua la Uingereza, kwa sababu Strange Kind of Woman utaupata kwenye Made in Japan. Ule mvumo unaosikika kabla ya dramu kwenye wimbo wa kwanza si hitilafu ya faili, ni kiyoyozi kikiwashwa studio.

Machine Head: toleo la 1997 lina sahani mbili, moja ya miksi ya awali na moja ambayo Glover aliichanganya upya. Ya Glover ni nzuri kwa kujifunzia, solo kadhaa ni tofauti na unasikia vitu vilivyofichwa, lakini si albamu iliyotoka 1972. Hakikisha kuna When a Blind Man Cries, wimbo uliorekodiwa Montreux wakati uleule ukaachwa nje, ukawekwa nyuma ya singo ya Never Before. Miksi ya Dweezil Zappa ya 2024 iache hadi uijue ya kwanza kwa moyo.

Made in Japan: ya awali ni nyimbo saba kutoka usiku tatu za Agosti 1972. Smoke ni ya Osaka tarehe 15, The Mule na Lazy ni za Tokyo tarehe 17, nyingine nne ni za Osaka tarehe 16. Toleo la 1998 linaongeza sahani ya pili yenye Black Night, Speed King na Lucille, walizopiga baada ya kuitwa tena jukwaani. Kama una uwezo, tafuta Live in Japan ya 1993, sahani tatu, ulinganishe nyimbo zilezile usiku hadi usiku. Child in Time haifanani hata mara moja. Space Truckin' ni dakika 20, usiiruke katikati kwa kudhani imekwisha.

Burn: la 2004 limempa Hughes haki yake ya utunzi, ambayo 1974 iliachwa kwa sababu za mkataba.

Perfect Strangers: ukikosa Not Responsible ujue faili imetoka kwenye santuri. Ulikuwa kwenye kaseti na CD tu.

Come Taste the Band: hapa peke yake nasema chukua miksi mpya, ile ya Kevin Shirley kwenye toleo la 2010, pamoja na ya awali. Ya 1975 gitaa la Bolin limekaa nyuma mno kwenye Dealer, na kwenye hii ya Shirley linasikika lote.